Mizani Iwe Moja kwa Damu ya Kila Mutu

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama munaosoma ukurasa huu nyumbani,

Leo sitaandika juu ya mushahara. Nitaandika juu ya kichwa cha muzee mumoja.

Katika avenue yetu kwiko muzee aliyeendesha mashini chini ya udongo miaka 31. Sisi wote tunamuita Kambo. Mwaka uliopita alianza kusahabu. Kwanza majina ya wajukuu, kiisha njia ya soko. Kiisha usiku mumoja akatoka na buti na kofia ya kazi, akasimama barabarani kungojea bisi ya ekipe ya usiku, bisi ambayo haipiti tena pale tangu miaka mingi. Asubuhi mama wa nyumba akanikuta mulangoni na machozi: « Delege, bana banasema baba yabo iko mulozi. Banasema anatokaka usiku kwenda kula batu. Sasa mi nitafanya nini? »

Tulimupeleka Kambo kwa munganga. Munganga alipima tansio, ilikuwa juu sana. Akapima sukari, akaangalia masikio, akamuuliza maswali mengi polepole. Mwisho akasema inaweza kuwa ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo kidogo kidogo. Nikamuuliza: « Nilisikia kwa redio kwiko kipimo cha damu cha ugonjwa huo. » Akajibu: « Kipimo kwiko, kule mbali. Lakini namba zake zilitengenezwa zaidi na damu ya Wazungu. Nikikuletea namba ya Kambo, itabaki kujua inasema nini juu ya mutu kama yeye. »

Neno lile lilinikata usingizi. Mutu wa sendika anajua jambo moja: kila mahali penye namba, kwiko mutu anayelipwa na mutu anayekosa kulipwa. Basi nilisoma, niliuliza, na leo ninawaletea nilichopata.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mwezi wa kumi wa 1906, kule Ulaya, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa. Siku chache tu nyuma, tarehe 3 ya mwezi wa kumi na moja 1906, munganga Alois Alzheimer alisimama mbele ya waganga wenzake muji wa Tübingen, Ujerumani, akawaeleza habari ya mwanamuke aliyepoteza akili mbele ya kuwa muzee sana. Alipofungua ubongo wake kisha kufa, alikuta uchafu umegandamana kati ya chembe za ubongo, na nyuzi zimejikunja ndani yake. Ugonjwa huo na kazi yetu ya shaba vina umri mumoja. Lakini kazi tuliijua mapema, ugonjwa tukauita bulozi.

Leo waganga wanajua majina ya vitu vile. Uchafu ule ni protini inayoitwa amiloidi. Nyuzi zile ni protini inayoitwa tau. Zamani mutu alipaswa kufa njo waone. Baadaye wakapata picha kubwa za ubongo, na sindano ya kutoa maji katika uti wa mugongo. Vyote viwili ni vya bei kali, na sindano ile watu wanaiogopa. Sasa wamefika kwa damu: kidogo ya protini zile inatoka kwenye ubongo na kuingia katika damu, na mashini inaweza kuihesabu. Kwiko hesabu ya amiloidi, kwiko hesabu ya tau, na ile inayosifiwa sana siku hizi inaitwa p-tau217. Mwezi wa tano 2025, serikali ya Marekani ilikubali kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kutambua ugonjwa huu, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wanaonyesha dalili.

Hiyo ni habari njema. Chupa ndogo ya damu inaweza kusafiri mbali, hata pale ambapo mashini ya picha haitafika. Sasa tuingie katika maneno ya rangi.

Katika muji wa St. Louis, Marekani, kwiko chuo kikuu cha Washington University ambacho kinafuata ugonjwa huu tangu miaka mingi. Mwaka 2019 watafiti wa kule walitangaza kwamba katika maji ya uti wa mugongo, watu weusi wa Marekani walikuwa na tau ya chini kuliko weupe, lakini amiloidi haikutofautiana. Mwaka 2022 wengine wa chuo kile wakaangalia damu. Walichukua watu weusi 76 na weupe 76, wakawapanga wawili wawili wanaofanana kwa umri na hali ya akili. Walikuta nini? Vipimo fulani vya tau, na kingine cha kuonyesha chembe za ubongo zinazoharibika, havikusema neno moja kwa watu wote. Namba ileile kwa mweupe ilimaanisha hivi, kwa mweusi ilimaanisha vingine. Mweusi angeweza kuambiwa uko na uchafu ule katika ubongo, na kumbe hana. Lakini kipimo kinacholinganisha aina mbili za amiloidi, moja juu ya nyingine, kilisema sawa kwa wote.

Hapa wachimbaji wa kariere watanielewa haraka kuliko maprofesa. Munajua vizuri mambo ya depo. Unaleta mifuko, mutu wa depo anaweka jiwe mbele ya mashini ya Metorex, inatoa teneur: shaba kiasi hiki, kobalti kiasi hiki. Kama mashini ilipangwa kwa jiwe la aina ingine, itadanganya. Haiko lazima mutu awe mwizi. Mashini yenyewe inasoma vibaya. Tena kwiko maneno ya maji. Jiwe lililonyeshewa na mvua linapima uzito mwingi, basi wanakata kilo za maji. Mukate sawa, bei ni ya haki. Mukate vibaya, umetoka jasho bure.

Damu nayo iko na « maji » yake. Figo zikichoka, hazisafishi damu vizuri, protini zile zinabaki nyingi, na namba inapanda hata kama ubongo uko muzima. Mutu munene naye, damu yake ni nyingi, protini inatawanyika, namba inashuka. Njo maana kipimo cha kulinganisha kinasaidia: figo zikichoka, protini zote mbili zinapanda pamoja, na uwiano wao haubadiliki sana. Ni sawa vile kupima jiwe kisha kulikausha.

Sasa ujiulize: ni nani kule Marekani wanaosumbuliwa zaidi na figo, tansio na sukari? Ni watu weusi. Juu ya nini? Juu ya mitaa waliyofungiwa, chakula wanachopata, kazi wanazopewa, munganga wanayemufikia kwa kuchelewa. Basi namba ikitofautiana, mutu mwenye haraka anaandika: « rangi ». Lakini rangi haikuingia katika chupa. Yaliyoingia ni figo, uzito, dawa ambayo mutu hakupata, na maisha ambayo mutu amepitia.

Mutaniuliza: hakuna kitu cha uzazi? Kwiko. Kwiko jini moja inayoitwa APOE, na aina yake ya nne inaongeza hatari ya ugonjwa. Lakini sikilizeni habari ya Ibadan. Kuanzia 1992, watafiti walifuata wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na wazee weusi wa Indianapolis, Marekani, kwa maswali yaleyale na njia ileile. Mwaka 2001 wakatoa hesabu: kwa mwaka mumoja, katika watu 100, Alzheimer mupya ilikuwa 2,52 kule Indianapolis na 1,15 kule Ibadan. Wote ni weusi, asili yao ni Afrika, na hesabu ya mumoja inapita mara mbili ya mwingine. Tena aina ile ya jini haikuonyesha kwa Wayoruba nguvu iliyoonyesha kwa wengine. Kama rangi ingekuwa ndiyo sababu, namba mbili hizi zingefanana.

Kwa hiyo ninasema wazi: tofauti katika damu kwiko, na si busara kuikana. Lakini haiko tofauti ya damu. Ni tofauti ya maisha, na ya nani alihesabiwa wakati mashini ilipopangwa.

Kwa nini jambo hili ni la sendika, haiko la waganga peke yao? Kwa sababu hatari ziko mbili, na zote mbili zinafika kwa mufuko wa mufanyakazi.

Hatari ya kwanza ni mizani mbili. Wakisema weusi wana namba zao, siku moja namba zile zitatumika kuwanyima. Haiko ndoto, ilikwisha kutokea. Kule Marekani, wachezaji wa mupira wao wa kugongana vichwa walishitaki ligi yao, NFL, juu ya bongo zilizoharibika kazini. Wakakubaliana ligi iwalipe, na malipo yakapita dola milioni elfu moja. Lakini wakati wa kupima nani amepoteza akili, waganga waliweza kutumia hesabu mbili. Mweusi alihesabiwa kwamba alianza na akili ya chini. Basi ili aonekane amepoteza, alipaswa kuanguka zaidi kuliko mwenzake mweupe. Watu wawili walikuwa na matokeo sawa, mumoja alilipwa, mwingine alirudishwa nyumbani. Mwaka 2020 wachezaji wawili weusi wakapeleka jambo mbele ya hakimu, na 2021 ligi ikakubali kuacha hesabu ile. Angalieni vizuri, wandugu: ni wafanyakazi, ni ugonjwa wa kusahabu, ni malipo ya madhara ya kazi. Hayo ni maneno yetu kabisa.

Tuchukue na mapafu. Kila mumoja wetu amekwisha kupuliza katika bomba siku ya vizite ya munganga. Miaka na miaka mashini zile zilikuwa na hesabu inayosema mapafu ya mweusi ni madogo kwa asili. Kwa hiyo mweusi aliyepoteza pumzi aliweza kuambiwa: kwako hii ni kawaida. Mwaka 1999, Baltimore, kampuni ya Owens Corning iliyoshitakiwa juu ya vumbi la amianti iliomba wafanyakazi weusi wapite kipimo kikali kuliko weupe kabla ya kusikilizwa. Paka 2023 njo waganga wa mapafu wa Marekani walishauri kuacha hesabu za rangi. Na figo vilevile: hesabu ya rangi waliitoa 2021, kisha miaka mingi ya kuwaonyesha weusi kwamba figo zao ziko na nguvu kuliko ukweli, na kuwachelewesha katika musururu wa kubadilishiwa figo.

Basi mutu akija kwetu na kusema « kwa ubongo wa Mwafrika tutatumia namba ingine », tusikatae bila kusikiliza, na tusikubali bila kuuliza. Tumuulize: tofauti hiyo umeipata wapi? Umepima figo? Umepima tansio, sukari, uzito? Umeuliza kazi ya mutu na miaka yake chini ya udongo? Kama hakupima hayo, bado anapima jiwe lenye mvua.

Hatari ya pili ni kutohesabiwa hata kidogo. Mutu asiyekuwa katika hesabu anapimwa na hesabu ya wengine. Hapo kwiko habari ya kutufurahisha kidogo. Kule Kinshasa, profesa mukongomani Jean Ikanga, anayefanya kazi na chuo kikuu cha Emory cha Marekani na chuo kikuu cha Kinshasa, pamoja na wenzake, walipima damu ya watu 85 wa miaka 50 na zaidi. 40 walikuwa na dalili za kupoteza akili, 45 walikuwa wazima. Watu 85 si wengi. Lakini ni Wakongomani, na walipimwa protini zilezile zinazopimwa St. Louis. Kazi hiyo inaonyesha kwamba inawezekana kufanywa katika inchi yetu.

Lakini Kinshasa ni Kinshasa. Mutu wa Kolwezi au Likasi aliyekula vumbi miaka 30, aliyesikiliza makelele ya mashini bila kuziba masikio, aliyepigwa na jiwe katika kichwa, iko na mwili wenye historia ingine. Mutu wa Kisenge aliyeshika manganezi anajua, au anapaswa kujua, kwamba manganezi ikiingia nyingi katika mwili inagusa ubongo: mikono inatetemeka, mwendo unakuwa muzito. Ule ni ugonjwa mwingine, haiko Alzheimer. Njo sababu kwiko lazima ya kupima vizuri, ili mutu asipewe jina la ugonjwa wa uzee wakati kazi njo ilimuharibu.

Ninajua kwiko mutu anasema sasa hivi: « Delege, siye tuko na malaria, mushahara haitoshi, maji hakuna, na weye unatuletea ugonjwa ya Bazungu. » Ndugu yangu, ninakuelewa. Mimi pia mushahara hautoshi. Lakini ugonjwa huu hauko wa Wazungu. Kule Marekani wazee weusi wanaupata, pamoja na magonjwa mengine ya kupoteza akili, karibu mara mbili kuliko weupe. Na kwetu ukiingia katika nyumba, unakula nyumba yote. Binti anaacha masomo ili amulinde kambo. Mama hawezi tena kwenda kuuza. Watoto wanamutupa muzee juu ya bulozi. Pesa za familia zinaishia kwa maombi na kwa mufumu.

Basi tudai nini?

Moja: vizite ya munganga ya mwisho, wakati mutu anaenda retraite, isiwe ya kupiga tampo tu. Ipime tansio, sukari, figo, masikio, mapafu na akili, na mufanyakazi apewe kopi yake mukononi. Karatasi ile njo itasema baadaye alitoka kazini namna gani.

Mbili: kama watafiti wanakuja kutoa damu katika kambi zetu, tuwakaribishe, lakini waseme kwa Kiswahili damu inaenda wapi, nani ataitunza, na matokeo yatarudi namna gani. Mutu akatae au akubali bila kuogopa mukubwa wa kazi. Matokeo yasifike kwa mwajiri. Kipimo kinachosema ubongo wako utachoka kisho kinaweza kuwa sababu ya kukufukuza leo.

Tatu: katika karatasi yoyote ya malipo ya ugonjwa wa kazi, tusikubali hesabu ya rangi. Waandike figo, waandike uzito, waandike miaka ya vumbi. Hayo ni mambo ya kupimwa. Rangi haipimi kitu.

Ine: tusingojee mashini. Mwaka 2024 wataalamu wa gazeti la uganga The Lancet walihesabu kwamba karibu 45 kwa 100 ya magonjwa ya kupoteza akili yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama dunia ingeshugulikia mambo 14. Someni baadhi yake: tansio ya juu, sukari, tumbaku, pombe nyingi, kupigwa kichwa, hewa chafu, masikio yaliyokufa, kukosa masomo. Haiko orodha ya kambi yetu hiyo? Viziba masikio, kofia nzuri, maji ya kutuliza vumbi, dawa ya tansio kila mwezi: hayo tayari tunayadai kwa ajili ya mwili. Kuanzia leo tuyadai pia kwa ajili ya kichwa. Na tuachane na lutuku, hilo halingojei mukubwa wa kazi.

Kwa familia, neno moja tu. Muzee akianza kusahabu, mupelekeni lopitali kwanza. Wakati mwingine ni tansio, ni homa, ni dawa mbaya, ni huzuni kubwa ya kuachwa peke yake, na mengine yanaponyeka. Hata kama ni Alzheimer, na dawa ya kuiponyesha kabisa haijapatikana, mutu wenu bado ni mutu wenu. Kuacha kumuita mulozi hakuombi kipimo cha damu.

Kambo yuko hai. Anakunywa dawa yake ya tansio. Mama amefunga kengele ndogo kwenye mulango ili amusikie akitoka usiku. Watoto wake wakubwa walikuja kwangu, tukaongea muda murefu, na mumoja akalia. Damu ya Kambo haijaingia katika mashini yoyote. Siku itakapoingia, ninataka namba itakayotoka imuhesabu kama mutu aliyetumika miaka 31, wala isiseme kwamba kwa mutu wa rangi yake hiyo ni kawaida.

Delege wa kila kazi, peleka maneno haya katika mukutano wako unaokuja.